Sura ya Sita: Mahali Mkono Usipofika

Mwaka 1984 Tom Walkinshaw alitwaa ubingwa wa Ulaya wa mbio za magari ya abiria yaliyoandaliwa kwa mashindano, akiwa kwenye usukani wa Jaguar XJ-S yenye injini ya silinda 12. Mwaka huohuo gari la timu yake lilishinda saa 24 za Spa nchini Ubelgiji, na mwaka uliofuata John Goss na Armin Hahne wakashinda na jingine huko Bathurst, Australia, katika kilomita 1,000 za kupanda na kushuka mlima. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Dave Heinz na Dave Yarborough walikuwa wamelivusha gari la aina hii kutoka Connecticut hadi California kwa saa 32 na dakika 51, katika mbio zisizo halali ambazo polisi wa majimbo kadhaa wangefurahi sana kuzikatisha. Na uzao wa injini hiyohiyo, baada ya kupanuliwa hadi lita 7, ndio ulioshinda Le Mans mwaka 1988 na tena mwaka 1990. Asiyejua lolote jingine akisoma orodha hii atadhani habari ni za gari lisilokufa.

Mitaani sifa yake ni kinyume kabisa. XJ-S inajulikana kama gari linalochemsha, linalovuja oili, linalozima nusu ya injini bila taarifa, na mara nyingine linaloshika moto. Kwa miaka mingi lilikuwa likiuzwa Uingereza kwa bei ya gari dogo la kwendea sokoni, ingawa lilipokuwa jipya lilikuwa la watu wenye uwezo: milango miwili, viti vya ngozi, na utulivu wa kutoka London hadi kusini mwa Ufaransa kwa siku moja bila dereva kuchoka. Jaguar ilitengeneza zaidi ya magari 115,000 ya aina hii kati ya 1975 na 1996, na mengi ya hayo yaliishia kwenye vyuma chakavu yakiwa na injini ambayo, ukiifungua, silinda na krenki yake bado ni nzima. Jambo hilo linahitaji maelezo. Mashine dhaifu haishindi Spa, na mashine imara haifi mikononi mwa watu elfu kadhaa kwa namna ileile.

Maelezo ninayoyatetea katika sura hii ni kwamba gari hili halifi pale lilipo dhaifu. Hufa pale mkono wa fundi usipofika. Ukichukua orodha ya maradhi yake makubwa na kuiweka juu ya mchoro wa gari, utaona kwamba karibu kila ugonjwa uko mahali palipofichwa, pa moto, pasipoweza kuguswa bila kwanza kuondoa vitu vingine ambavyo havina tatizo. Hilo likiwa kweli, basi ratiba ya matunzo inayohesabu kilomita peke yake haitoshi kwa gari kama hili. Inapaswa kufuata mahali: kila sehemu iliyofichwa ikifunguliwa, kila kilichomo ndani yake kishughulikiwe, kiwe kimeharibika au la.

Tuanze na injini, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa zaidi. Iliundwa Coventry na kundi la wahandisi ambao majina yao makubwa ni Walter Hassan na Harry Mundy, ikaonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1971 ndani ya Jaguar E-Type ya mwisho: lita 5.3, bloku ya alumini yenye mikono ya chuma ndani ya silinda, safu mbili za silinda sita zikipishana kwa nyuzi 60, na kamshafti moja juu ya kila safu. Kwa wakati wake ilikuwa jambo la ajabu. Mtu aliyetaka gari la silinda 12 miaka hiyo alikuwa na njia ya kwenda Ferrari au Lamborghini na kulipa ipasavyo. BMW haikuleta yake hadi 1987, na Mercedes hadi 1991. Injini yenyewe, yaani krenki, pistoni na bloku, ina nguvu kuliko kazi inayopewa. Tatizo lilizaliwa katika bonde lililo kati ya safu mbili za silinda. Waundaji waliweka humo mifereji ya kuingizia hewa na plagi zote 12. Distributa ikafuata. Mfumo wa nozeli ulipochukua nafasi ya kabureta, bomba la petroli na nozeli 12 zikaingia humo pia, pamoja na mtambo wa kuunganisha waya za akselereta. Na kwa sababu soko kubwa lilikuwa Marekani, ambako gari la kifahari lisilo na kiyoyozi halikununuliwa, kompresa nzito ikakalishwa juu ya bonde hilo upande wa mbele, kama mfuniko wa chungu.

Chini ya kompresa hiyo kuna plagi mbili za mbele. Kumi zilizobaki zinatoka kwa subira na spana ndefu yenye viungo. Hizo mbili zinataka kompresa ifunguliwe na kusogezwa pembeni bila kukata mabomba yake ya gesi. Wanaokarabati magari haya husimulia kwa uchovu kwamba plagi hizo mbili ndizo hukutwa kongwe kuliko zote, na si ajabu. Kitabu cha gari kinasema badilisha plagi; fundi aliyelipwa kwa saa chache anabadilisha zile anazozifikia; mwenye gari anapokea stakabadhi isemayo plagi zimebadilishwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Injini yenye silinda 12 ni laini kiasi kwamba silinda mbili zikimisi kidogo dereva anaweza asihisi chochote isipokuwa unywaji wa petroli kuongezeka, na gari hili tangu lizaliwe halikuwa na kiu ndogo.

Distributa iko nyuma kidogo ya hapo, ndani ya joto lilelile. Kwenye magari yenye mfumo wa cheche wa Lucas, ndani yake kuna vyuma vidogo vya uzito vinavyofunguka kadiri mzunguko unavyoongezeka ili cheche iwahi zaidi. Grisi yake ikikauka kwa joto, vyuma hivyo hukwama. Cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka wakati valvu za kutolea moshi zinafunguka, joto linaingia kwenye vichwa vya silinda na mabomba ya ekzosi badala ya kusukuma pistoni, na gari linaanza kuchemsha. Mwenye gari anabadilisha rejeta, kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyoelewa kuchemsha. Linaendelea kuchemsha. Tiba ilikuwa matone machache ya oili na kujaribu kwa vidole kama rota inazunguka kidogo na kurudi yenyewe, kazi isiyo ya muda mrefu kwa aliyekwisha kufika pale. Lakini kufika pale ndiyo kazi.

Magari ya kuanzia 1989 yalipewa mfumo wa Marelli, na hapo hatari ikawa kubwa zaidi. Distributa ya Marelli ina ghorofa mbili ndani ya kifuniko kimoja, kila ghorofa ikipeleka cheche kwenye safu moja ya silinda. Rota au kifuniko kikiungua kwa ndani, safu moja nzima hukosa cheche huku nyingine ikiendelea kufanya kazi. Gari halizimi. Linakuwa gari la silinda sita, zito lakini linakwenda, na dereva asiyejua anaweza kuendelea hadi nyumbani. Muda wote huo nozeli za safu iliyokufa zinaendelea kumwaga petroli, petroli hiyo mbichi inaingia kwenye kichujio cha moshi ndani ya ekzosi, inawaka humo, na kichujio kinakuwa chekundu kwa moto chini ya sakafu ya gari. Yako magari yaliyoteketea kwa njia hii. Rota na kifuniko ni vifaa vya kuchakaa kama plagi, na bei yake haikaribii hata kidogo bei ya gari lililoungua. Havikubadilishwa kwa sababu vimejificha chini ya nyaya nene 12, na kwa sababu gari lilikuwa bado linawaka vizuri asubuhi.

Mipira ya petroli iliyo katika bonde hilo inafunga hoja ya upande wa injini. Kila nozeli ina kipande kifupi cha mpira kinachoiunganisha na bomba kuu. Joto baya kuliko lote huja baada ya injini kuzimwa: maji yameacha kuzunguka, hewa imesimama, na joto la vyuma vyote hupanda juu na kukusanyika pale pale. Mpira unaopikwa hivyo kila safari hugeuka mgumu kama plastiki, kisha unapasuka, petroli inachuruzika juu ya chuma cha moto karibu na nyaya za cheche. Mtu hahitaji kuwa mhandisi kuelewa kinachofuata. Mpira wa namna hii haupasuki kwa kilomita. Hupasuka kwa miaka, na gari lililotembea kidogo lina mipira mizee sawasawa na lililozunguka Ulaya yote. Odometa haina habari nao.

Kuchemsha kunastahili nafasi yake, kwa kuwa ndiko kulikoua magari mengi. Injini hii ya alumini haivumilii joto kupita kiasi. Siti za valvu zimebanwa ndani ya vichwa vya alumini kwa kukazana tu. Kichwa kikipata moto mno, alumini hutanuka kuliko siti, siti inaweza kuchomoka, na hapo valvu na pistoni hukutana. Watu wengi huishia hapo na kusema: basi, ni injini dhaifu. Lakini swali ni kwa nini ilipata moto. Rejeta ya XJ-S ni pana na inatosha, mradi iwe wazi. Mbele yake kuna kondensa ya kiyoyozi, na kati ya viwili hivyo kuna nafasi nyembamba ambayo kwa miaka hukusanya majani, vumbi, wadudu na vipande vya sponji iliyooza. Ukifungua boneti unaona juu ya rejeta kukiwa safi. Ukichungulia kwa mbele unaona kondensa ikiwa safi. Uchafu uko katikati, na hauonekani hadi sehemu ya juu ya fremu ya rejeta ifunguliwe na rejeta kuinuliwa. Ndani ya rejeta nako kuna matope ya kutu na chokaa yanayotulia kwenye njia za chini, ambako hayaonekani hata ukifungua kifuniko. Gari lenye theluthi ya rejeta iliyoziba hupita vizuri majira ya baridi na kwenye barabara kuu, kisha likakwama kwenye foleni siku ya joto na kumalizika ndani ya dakika 10.

Ongeza hapo hewa. Mfumo wa maji wa gari hili una mahali pawili pa kujazia, una thamostati mbili, moja kwa kila safu, na una tabia ya kuficha mapovu ya hewa kwenye vichwa vya silinda ukijazwa haraka. Fundi anayeujua huinua pua ya gari, hujaza taratibu kupitia bomba la juu ya injini huku hita ikiwa wazi, na husubiri. Asiyeujua hujaza tangi la pembeni, huona limejaa, hufunga boneti. Geji ya joto inasoma mahali pamoja tu, na ikizungukwa na povu badala ya maji inaweza kuonyesha joto la kawaida huku kichwa kikiungua. Hata hapa kinacholeta maafa kimejificha mahali ambapo jicho halifiki, na hakuna chuma kilichoshindwa kazi yake.

Sasa twende nyuma ya gari, kwa kuwa kama hoja hii ingehusu injini peke yake ningeweza kuambiwa kwamba joto ndilo linaloeleza kila kitu. Breki za nyuma za XJ-S, isipokuwa zile za miaka ya mwisho ya uzalishaji, hazipo kwenye magurudumu. Diski zimefungwa ubavuni mwa difu, katikati ya gari, ili magurudumu yawe mepesi na gari lielee vizuri juu ya barabara mbaya. Difu, diski, kalipa, shafti za magurudumu ambazo zenyewe ndizo mkono wa juu wa sasipensheni, pamoja na shokapu nne na springi zake, vyote vimebebwa na fremu moja ya chuma iliyofungwa kwenye bodi kwa vipande vya mpira. Ni ubunifu mzuri mno, na raha ya kukaa ndani ya gari hili kwa saa 8 inatokana nao kwa sehemu kubwa. Pedi zinaweza kubadilishwa kwa kulala chini ya gari na kuvumilia uchafu. Diski haziwezi. Kubadilisha diski ni kushusha fremu nzima.

Matokeo yake yanafuata mkondo uleule. Joto la breki hukausha sili za difu zilizo jirani. Oili ya difu inavuja juu ya diski na pedi. Breki za nyuma zinadhoofika polepole, na kwa kuwa za mbele zina nguvu, dereva haoni. Kwenye ukaguzi wa mwaka breki zinashindwa, gereji inaweka pedi mpya, gari linapita, pedi mpya zinalowa oili. Breki ya mkono, yenye kalipa zake ndogo juu kabisa ya diski, inaganda kwa kutotumika na kutoonekana. Viungo vya shafti na bearingi za mikono ya chini vina mahali pa kutilia grisi, navyo hukaa miaka bila kuonja bunduki ya grisi kwa sababu ni lazima mtu atambae na kupapasa. Gari hilohilo, fremu yake ikishushwa mara moja na kila kitu kikafanywa upya sakafuni, diski, sili, pedi, mipira ya breki, viungo, bushi, vile vipande vya mpira vinavyobeba fremu, linaweza kwenda miaka mingi bila kuguswa tena huko nyuma. Kazi ni ileile moja ya kushusha. Tofauti iko katika kilichofanywa kikiwa chini.

Yapo mambo ambayo yangeweza kuivunja hoja yangu, na inafaa yapimwe. Giaboksi ni la kwanza. Kuanzia 1977 gari hili lilitumia giaboksi ya kujiendesha ya General Motors, aina ya Turbo-Hydramatic 400, iliyotumika pia kwenye magari mengi mazito ya Marekani. Haina sifa mbaya hata kidogo. Ni imara, kweli, lakini pia oili na kichujio chake vinafikiwa kutoka chini kwa kufungua sampu, bila kuondoa kitu kingine, na hivyo vilibadilishwa. La pili ni kutu, ambayo huonekana kuwa ugonjwa wa nje, wa mahali pa wazi. Kutu inayoonekana kwenye matao ya magurudumu ni aibu tu. Inayoua gari ni ile ya ndani ya vizingiti vya chini ya milango, ya vikombe vya sakafu ambako mikono ya sasipensheni ya nyuma hushikilia, na ya fremu inayobeba rejeta, kote ambako maji huingia na brashi haiingii.

Pingamizi la kwanza kubwa ni la haki: kama sehemu hazifikiki, basi kosa ni la waliolibuni, na kusema gari ni imara ni kuwatetea bure. Injini ya silinda 4 ya Toyota Corolla inaonyesha plagi zake mara tu boneti inapofunguliwa, na inavumilia miaka ya kusahauliwa. Sikatai. Ufikivu ni sehemu ya ubunifu, na kwa kipimo hicho XJ-S ilibuniwa na watu waliofikiria zaidi safari kuliko gereji. Lakini pingamizi hili linakubali hoja yangu badala ya kuipinga, maana linahamisha lawama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mpangilio. Anayelitunza gari hili leo hawezi kulibuni upya. Anachoweza ni kujua ramani ya ugumu wake na kuipangia fedha. Magari ya mbio ya Walkinshaw yalivunjwavunjwa na kukaguliwa kati ya shindano na shindano; hakukuwa na mahali ambapo mkono haukufika, na chuma kilekile kikafanya kazi iliyotajwa mwanzoni mwa sura.

Kuna pia wanaosema kwamba yote haya ni porojo: gari lilitengenezwa chini ya British Leyland, kampuni iliyokuwa ikimiliki Jaguar, katika miaka ya migomo na uzembe, na ubovu wake ulianzia kiwandani. Ubora wa miaka ile ulikuwa duni kweli, hasa wa umeme na rangi, na mauzo yalishuka mno kabla ya John Egan kushika uongozi wa Jaguar mwaka 1980 na kuanza kuwabana wauzaji wa vipuri. Ila kuna jambo linalotusaidia kutenganisha mambo haya mawili. Kuanzia 1983 bodi ileile, katika kiwanda kilekile, iliwekewa pia injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ya lita 3.6, baadaye lita 4. Injini hiyo ina plagi juu kabisa, katikati ya kifuniko, na haina bonde la kuficha kitu. Ilikuwa na kelele zaidi ilipoanza, lakini haikupata sifa ya kuteketea wala kudondosha siti za valvu. Itasemwa kwamba ina nusu ya vifaa, kwa hiyo nusu ya matatizo, na hilo ni kweli. Lakini magari ya silinda 6 hayana nusu ya moto wa silinda 12. Tatizo lenyewe la mipira inayopikwa bondeni halipo kabisa. Na breki zao za nyuma, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zilezile za ubavuni mwa difu, zilisumbua vilevile.

Pingamizi la mafundi wenyewe ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wanasema kugusa kitu kinachofanya kazi ni kutafuta matatizo: boliti iliyokaa ndani ya alumini kwa miaka 40 inaweza kukatika, plagi ya waya iliyokauka inaweza kuvunjika mkononi, na sehemu mpya za leo si lazima ziwe bora kuliko za zamani zilizotolewa. Wana ushahidi wa kila siku. Kwa hiyo kanuni ya mahali inahitaji mipaka. Kile kinachozeeka kwa muda, yaani mpira, sili, grisi, maji ya rejeta na oili ya breki, kibadilishwe kila kinapofikiwa, bila mjadala. Kile kinachochakaa kwa kazi, kama diski na bearingi, kipimwe na kihukumiwe kwa kipimo. Kile kisichozeeka wala kuchakaa kwa urahisi, kama shafti, gia za difu na bloku yenyewe, kiachwe. Mtu anayefungua injini nzima nzuri ya silinda 12 kwa sababu tu ameshaiondoa kwenye gari anaharibu fedha, na pengine injini.

Wapo pia wenye gari wanaojibu kwamba wao hawahitaji haya, kwa kuwa gari lao hutoka mara tatu kwa mwaka na hulala chini ya turubai. Naona hao ndio walio hatarini kuliko wote. Maji ya rejeta yenye dawa iliyoisha nguvu huila alumini gari likiwa limesimama. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Tangi la petroli linalokaa nusu tupu hutoa kutu kwa ndani, kutu inashuka kwenye tangi dogo lililo chini ya buti na kuziba chujio lake, na siku ya kiangazi gari likitolewa kwa furaha linazimika barabarani. Mzunguko mfupi wa kilomita tano mtaani hausaidii. Huleta unyevu ndani ya injini bila joto la kuukausha. Gari la safari ndefu linahitaji safari ndefu, angalau ya kutosha kuipasha oili yake yote, nayo ni takriban lita 10.

Suluhisho la mkato linalopendwa sana Marekani ni kuondoa silinda 12 na kuweka V8 ya Chevrolet. Kwa upande wa ufikivu ni jibu la akili: bonde linakuwa la baridi zaidi, vipuri viko kila mji, na giaboksi tayari ni ya General Motors. Simcheki anayefanya hivyo kuokoa bodi nzuri iliyokuwa inakwenda kukatwa. Lakini anabaki na breki zilezile ubavuni mwa difu, uchafu uleule kati ya kondensa na rejeta, kutu ileile kwenye vikombe vya sakafu, na sasa ana gari ambalo bei yake imeshuka, kwa sababu wanunuzi wa XJ-S kwa kawaida huitaka kwa ajili ya injini ile aliyoitupa. Ametatua theluthi ya tatizo kwa gharama ambayo ingetosha kulisafisha bonde, kubadilisha mipira yote na kushusha fremu ya nyuma.

Hayo yote yanabadilisha namna ya kukagua gari kabla ya kulinunua. Muuzaji huleta bahasha nene ya stakabadhi na mnunuzi hufurahia unene wake. Zisomwe kwa kutazama saa za kazi zilizolipwa kuliko majina ya vipuri. Stakabadhi ya pedi za nyuma yenye saa moja na nusu ya kazi inasema fundi alilala chini ya gari. Yenye saa nyingi, pamoja na diski na sili za difu, inasema fremu ilishuka. Stakabadhi ya plagi 12 isiyotaja kompresa ichukuliwe kuwa ya plagi 10. Kwa gari la 1989 au baada yake, ikikosekana stakabadhi ya rota na kifuniko cha Marelli, gharama yake iondolewe kwenye bei na vibadilishwe kabla gari halijaendeshwa kwenda nyumbani. Na kama mipira ya petroli haina tarehe popote katika bahasha hiyo, umri wake uhesabiwe kuwa ni umri wa gari.